Repo moja au saba? Kupanga Git ya programu ya simu yenye moduli nyingi

Tulianza tukiwa watu wanne ndani ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, si mbali na Marikiti, na tulikuwa na repo saba za Git, yaani hifadhi saba za kodi (maandishi ya programu) pamoja na historia yake. Kila moduli, yaani kila kipande cha programu, na repo yake. Tulijiona tumejipanga kweli. Miezi mitatu baadaye, mabadiliko ya mistari miwili yalikuwa yakihitaji komiti tatu (komiti ni mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia) katika repo tatu, na kila Jumatatu asubuhi ilianza kwa swali lilelile: "Wewe unatumia toleo gani la moduli ya mtandao?" Nikaketi Jumamosi moja nikazirudisha zote mahali pamoja. Haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu aniambie kabla ya Jumamosi ile.

Mradi wenyewe ni wa kawaida. Kuna programu mbili za Android: moja ya mteja anayeagiza mboga na samaki kutoka Kongowea akiwa nyumbani kwake Tudor au Bamburi, na nyingine ya mwendeshaji wa tuk-tuk au bodaboda anayempelekea. Chini yake kuna moduli tano zinazotumiwa na programu zote mbili: kapu, ramani, malipo, mtandao, na muonekano, yaani rangi, vitufe na maandishi. Jumla saba.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya terminali

Chora moduli zako zote kama visanduku, kisha chora mshale kutoka kwa inayotegemea kwenda kwa inayotegemewa. Halafu kwa kila mshale jiulize: nikibadilisha huku, je, nitalazimika kubadilisha kule siku hiyohiyo? Jibu likiwa ndiyo, visanduku hivyo viwili vikae repo moja.

Sisi tulipofanya hivyo, karibu kila mshale ulijibu ndiyo. Ukibadilisha jina la kitendaji (function) ndani ya `mtandao`, `kapu` na `malipo` zote zinavunjika papo hapo. Ndani ya repo moja, komiti moja inabeba mabadiliko yote kwa pamoja, kwa sababu komiti ya Git ni picha ya mradi mzima ulivyokuwa wakati ule. Ukirudi nyuma unarudi na kila kitu. Ukizitenganisha katika repo mbili, hakuna picha moja ya zote mbili, na ni wewe unayebaki kukumbuka ipi ilikuwa ikienda na ipi.

Sababu za kweli za kutenganisha ninazijua mbili tu. Ya kwanza: kuna watu wasioruhusiwa kuona sehemu fulani ya kodi, maana ruhusa za kusoma hutolewa kwa repo nzima wala si kwa folda. Ya pili: sehemu hiyo inatumiwa na timu nyingine yenye kalenda yake. "Folda imekuwa kubwa" haimo. Google huweka sehemu kubwa ya kodi yake katika hifadhi moja, ilhali kodi ya Android yenyewe imegawanywa katika mamia ya repo za Git zinazoshikanishwa na chombo kinachoitwa, kwa kuchanganya watu zaidi, repo. Wote wawili wana wahandisi wa kutosha kuhudumia mpango wao. Wewe una watu wanne, na laptopu moja ambayo kibodi yake haiandiki herufi g.

Hatua ya pili: folda

Huu ndio mpangilio tulioishia nao:

```
mradi/
  programu/
    mteja/
    mwendeshaji/
  kipengele/
    kapu/
    ramani/
    malipo/
  msingi/
    mtandao/
    muonekano/
  gradle/
    libs.versions.toml
  settings.gradle.kts
```

Kanuni ni moja: mishale inashuka tu. `programu` inaweza kutegemea `kipengele`, na `kipengele` inaweza kutegemea `msingi`. Hakuna kupanda juu, wala kipengele kutegemea kipengele mwenzake. Kapu likitaka kujua kama malipo yamepita, ni programu iliyo juu ndiyo inayowakutanisha. Siku utakayotaka kung'oa moduli moja uipeleke kwingine, utashukuru.

Ndani ya `settings.gradle.kts`, faili la mipangilio ya Gradle (chombo kinachojenga programu), moduli zinatajwa moja moja:

```
include(":programu:mteja")
include(":programu:mwendeshaji")
include(":kipengele:malipo")
```

na kuendelea hivyo. Matoleo ya maktaba za nje yote yakae katika `libs.versions.toml`, mahali pamoja. Tulipokuwa na repo saba, moduli mbili zilikuwa zikitumia matoleo tofauti ya maktaba ileile ya mtandao, na hakuna aliyejua mpaka programu ilipoanza kuanguka kwenye simu za zamani.

Hatua ya tatu: .gitignore iwe komiti ya kwanza

Hii ni orodha ya mafaili ambayo Git iyaache, na iingie kabla ya mstari wowote wa Kotlin, lugha tunayoandikia programu. Faili likishaingia kwenye Git, kuliandika baadaye katika `.gitignore` hakuliondoi, litaendelea kufuatiliwa mpaka ulitoe kwa `git rm --cached`. Ya kuzuia tangu mwanzo:

```
.gradle/
build/
local.properties
*.jks
*.keystore
captures/
.idea/workspace.xml
```

Andika `build/` bila mkwaju (/) mwanzoni, ili ishike folda za `build` za moduli zote, maana kila moduli ina yake. Na usizuie `gradle-wrapper.jar` kwa kudhani ni takataka. Watu wengi huandika `*.jar` halafu wanashangaa kwa nini mradi haujengeki kwenye mashine nyingine. Faili hilo dogo ndilo linaloanzisha Gradle, linatakiwa liwemo.

Pamoja nalo weka `.gitattributes` yenye mistari miwili:

```
* text=auto
gradlew text eol=lf
```

Nusu yetu tulikuwa na Windows, nusu Linux. Bila mistari hiyo, mtu wa Windows anaweza kufungua faili, akabadilisha neno moja, na Git ikaonyesha kwamba faili zima limebadilika kwa sababu ya alama za mwisho wa mstari. Halafu mnagombana bure juu ya nani alifuta kazi ya nani.

Hatua ya nne: funguo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mtu yeyote anayejenga programu ya kuuza kitu Kenya hataepuka M-Pesa, na kwa M-Pesa unapewa funguo za kuingilia mfumo. Usiku mmoja nilikuwa najaribu ombi la malipo. Nikabandika siri zote mbili moja kwa moja ndani ya faili la Kotlin, nione tu kama linafanya kazi. Likafanya kazi. Kwa furaha nikaandika `git add .`, nikakomiti, nikasukuma (yaani nikapeleka kwenye repo ya pamoja), nikaenda kula viazi karai. Asubuhi nikagundua, nikazifuta, nikakomiti tena na ujumbe "nasafisha". Nikadhani nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza chochote. Komiti ya jana iko palepale kwenye historia, na yeyote mwenye ruhusa ya kusoma repo anaandika `git log -p` na kuziona siri zile. Ikikutokea, fuata mpangilio huu na usiupindue:

Kwanza badilisha funguo kwa mtoaji, ili zile za zamani zife. Hili ndilo la dharura, na likishafanyika mengine yote yanaweza kusubiri. Kisha, ukitaka historia iwe safi, tumia `git filter-repo` kuondoa maandishi hayo, ukijua kwamba nambari za komiti zote tangu pale zitabadilika na kila mwenzako itabidi akloni upya, yaani anakili repo nzima tena. Watu huanza na kusafisha historia, wakipoteza saa tatu huku funguo zenyewe bado ziko hai.

Na siri za malipo hazina kazi ndani ya programu ya simu hata kidogo. Faili la APK, yaani programu iliyojengwa tayari kuwekwa kwenye simu, linaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye subira. Ziweke kwenye seva yako. Simu iiombe seva, seva izungumze na mfumo wa malipo. Ufunguo wa ramani ni habari nyingine, huo unaweza kukaa kwenye `local.properties`, faili la mipangilio ya mashine yako, na kuingizwa wakati wa kujenga, mradi umeufunga kwa jina la programu yako na alama ya cheti chake.

Faili la kutia sahihi, lile la `.jks`, lisiingie Git na pia lisikae kwenye laptopu ya mtu mmoja peke yake. Kwa programu mpya zilizoingia Google Play tangu Agosti 2021, ufunguo mkuu unashikiliwa na Google, wewe unabaki na ule wa kupakia ambao unaweza kuombewa mwingine ukipotea. Hata hivyo, nakala moja iwe kwenye flashi ndani ya droo yenye kufuli.

Hatua ya tano: matawi mafupi, komiti zenye jina la moduli

Tawi ni mstari wa kazi uliotengwa ndani ya repo. Tuna tawi moja la kudumu, `main`, na linatakiwa lijengeke wakati wote. Kila kazi inapata tawi lake: `malipo/ujumbe-wa-kosa`, `ramani/alama-ya-feri`. Likizidi siku tatu bila kurudi `main`, tunaulizana kulikoni. Hatuna tawi la mtu binafsi, wala tawi la moduli. Tawi la moduli ni repo saba kwa mlango wa nyuma.

Ujumbe wa komiti unaanza na jina la moduli: `malipo: onyesha salio kabla ya kulipa`. Nusu dakika ya nidhamu, na baadaye ukitaka kujua nini kimeguswa kwenye malipo tangu mwezi wa Ramadhani, unaandika:

```
git log --oneline -- kipengele/malipo
```

Moduli ya malipo peke yake tumeiwekea mlinzi katika faili la `CODEOWNERS`: hakuna ombi la kuunganisha linalogusa folda hiyo bila mmoja wetu wawili kulipitia. Moduli nyingine hazina mlinzi. Ukiweka walinzi kila mahali, timu ya watu wanne itashinda ikingojana.

Hatua ya sita: alama za matoleo

Repo moja, programu mbili, kwa hiyo alama ya `v1.4.0` haitoshi, ya nani? Tunatanguliza jina:

```
git tag -a mteja/v2.3.0 -m "Kapu jipya"
git tag -a mwendeshaji/v1.8.1 -m "Kurekebisha ramani"
git push origin mteja/v2.3.0 mwendeshaji/v1.8.1
```

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika, maana `git push` ya kawaida haipeleki alama. Nambari ya `versionCode`, ile ambayo Play huitumia kutofautisha matoleo, tunaitoa kwenye jina la toleo: 2.3.0 inakuwa 20300, na 2.3.1 inakuwa 20301. Play inakataa nambari ikizidi 2100000000; kwa mwendo huu hatutafika huko.

Je, seva inayojenga mradi kila mnaposukuma ijenge moduli zilizoguswa tu? Kwa moduli saba, usijisumbue. Gradle yenyewe huruka kisichohitaji kujengwa upya, mradi matokeo ya ujenzi uliopita yamehifadhiwa.

Kama tayari unazo nyingi: kuzirudisha pamoja

Sasa ile Jumamosi. Kwanza, kila mtu aliunganisha matawi yake na kusukuma kufikia Ijumaa kabla ya swala, na nikawaomba wasiguse kitu mpaka Jumatatu. Kisha kwa kila repo nilikloni nakala mpya kabisa (`filter-repo` inagoma ikiona si mpya, na ina haki) nikaihamishia kwenye folda yake:

```
git clone <anwani-ya-malipo> malipo
cd malipo
git filter-repo --to-subdirectory-filter kipengele/malipo
```

Amri hiyo inaandika upya historia kana kwamba mafaili yalikuwa ndani ya folda ile tangu siku ya kwanza. Baada ya hapo, ndani ya repo kuu:

```
git remote add malipo ../malipo
git fetch --no-tags malipo
git merge --allow-unrelated-histories malipo/main
```

Ile `--no-tags` niliijua kwa machungu. Kila repo ilikuwa na `v1.0.0` yake, na alama za jina moja haziwezi kukaa pamoja. Rudia kwa kila moduli, rekebisha `settings.gradle.kts`, jenga, sukuma. Repo za zamani usizifute. Zifunge zisomwe tu, na kwenye README, faili la maelezo ya mradi, uandike zimehamia wapi.

Na zile repo-ndani-ya-repo?

Utaambiwa: weka kila moduli kwenye repo yake, halafu uzishikanishe kwa `git submodule`. Tulijaribu. Ndiyo yaliyotuleta kwenye ile Jumamosi.

Kitu cha kuelewa ni kwamba repo mama haihifadhi mafaili ya mtoto. Inahifadhi nambari ya komiti yake tu. Alhamisi moja alasiri, mwenzetu anayeshughulika na malipo alikomiti ndani ya `malipo`, akasasisha nambari kwenye repo mama, akasukuma mama, akafunga laptopu akaondoka kwenda kwao Likoni. Mimi nikavuta. Terminali ikajibu:

```
fatal: remote error: upload-pack: not our ref 9c41e7...
```

Nikampigia.

"Dada, umefika wapi?"

"Niko ndani ya feri, kaka, watu wamejaa sisikii vizuri. Kuna nini?"

"Malipo hukuyasukuma."

"Nimesukuma! Nimeona kwa macho yangu."

"Umesukuma mama. Mtoto amebaki kwenye laptopu yako."

Kimya, kisha akacheka. "Basi nisubiri nifike ng'ambo niwashe hotspoti."

Tulikaa karibu saa nzima watu watatu tukingojea feri. Ikiwa huna budi kutumia mpango huo, washa kinga hii kwenye kila mashine leo:

```
git config push.recurseSubmodules check
```

Git itakataa kusukuma mama ikiwa mtoto hajasukumwa. Na kila anayekloni akumbuke `--recurse-submodules`, la sivyo atakuta folda tupu.

Siku moduli itakapohitajika na timu nyingine kweli, mimi ningeitoa hivi:

```
git subtree split --prefix=kipengele/malipo -b malipo-pekee
```

Tawi hilo linakuwa na historia ya malipo tu, unalisukuma kwenye repo mpya. Kisha moduli iwe maktaba yenye nambari ya toleo, itumiwe kama maktaba nyingine yoyote ya nje. Ukitaka kuijaribu kabla ya kuitoa, `includeBuild("../malipo")` kwenye settings inaifanya Gradle itumie kodi iliyo kwenye mashine yako. Uondoe mstari huo kabla ya kukomiti.

Siku intaneti ikilala

Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, lakini umeme ukikatika ruta haina habari hiyo. Git inafanya kazi bila mtandao, ila kupeana kazi ndiko kunakokwama. Flashi inatosha:

```
git bundle create kazi.bundle main
```

Mwenzako analichukua faili hilo na kuandika `git pull kazi.bundle main`, kama vile ni seva. Kwa kukloni repo nzito kwa data ya simu, `git clone --filter=blob:none` inaacha mafaili ya zamani mpaka utakapoyahitaji. Na picha za bidhaa kubwakubwa zisiingie kabisa. GitHub hukataa faili lolote linalozidi MB 100, lakini hata za MB 5 zikibadilishwa kila wiki zitaufanya mradi uzito wa gunia la nazi.

Jaribio la mwisho

Tafuta mashine ambayo haijawahi kuuona mradi, na mtu ambaye hajawahi kuuona pia. Kloni, jenga, weka kwenye simu. Usimsaidie kwa mdomo. Kila anapokwama, andika kwenye README.

Sisi tulimpata mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya kazini, laptopu yake ina Ubuntu. Alikwama mara mbili. Kwanza hakujua `local.properties` inatakiwa iwe na nini, tukaongeza faili la mfano. Halafu `./gradlew`, amri ya kujenga mradi, ikamjibu "Permission denied", kwa sababu aliyelikomiti alikuwa kwenye Windows na ruhusa ya kuendesha haikuandikwa. Akatafuta mwenyewe, akaandika:

```
git update-index --chmod=+x gradlew
```

Ikawa ndiyo komiti yake ya kwanza kwetu.